Tumpunguzie Mlezi Mzigo: Hotuba ya Mgeni Rasmi Kwenye Uzinduzi wa Kituo cha Kulelea Watoto Mchana



Leo ni 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi wakiandamana mwaka 1976.

Tukiwakumbuka hao, tuwatazame na watoto wa hapa kwetu. Mnawafahamu akina mama wauza mboga wa mtaa huu. Alfajiri wameshatoka kuwahi mzigo sokoni. Mtoto wa mmoja wao, wa miaka miwili, anaachiwa dada yake wa darasa la pili. Dada akikosa shule, mwalimu anamchapa maneno. Mdogo akiungua kwa uji, majirani tunasema mama mzembe. Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi! Baba hatoi matunzo, bibi yuko kijijini. Je, nani kati yetu alimuuliza mama huyu mtoto anamwachia nani?

Ndugu zangu, sisemi uzembe haupo. Yupo mzazi mwenye uwezo anayeagiza nyama choma baa huku wanawe wamelala njaa. Huyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhusu, na ashughulikiwe. Lakini sheria hiyohiyo inazitaka serikali za mitaa kuwapa wazazi na walezi ushauri kupitia maofisa ustawi. Tumeng'ang'ania adhabu, msaada tumeuweka kando.

Kwa hiyo natoa maelekezo. Wajumbe wa mtaa, zitambueni mapema kaya zilizoelemewa: bibi anayelea yatima, mama aliyejifungua mapacha, mzazi anayeuguza, familia yenye mtoto mwenye ulemavu. Taarifa zao zimfikie ofisa ustawi, na kaya zenye sifa ziunganishwe na mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini. Kituo hiki kifunguliwe saa 11 alfajiri, maana kikifunguliwa saa 2 mama wa sokoni hatakitumia. Ada ipokelewe kwa siku, kwa kuwa kipato cha mama huyo nacho ni cha siku. Na ukiona mtoto yuko hatarini, piga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ni bure.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba kituo hiki kimezinduliwa rasmi. Wazazi, leteni watoto. Majirani, tuulize kabla ya kulaumu, na tukishauliza, tusaidie.