JE, MTU NI UBONGO TU?
Mazungumzo na wanajumuiya wa Birongo



Wazee wetu, akina mama na vijana, nimeombwa nijibu swali ambalo wanafunzi wa sekondari huleta nyumbani. Wanasema sayansi imeonyesha mtu ni mashine ya nyama: akili ni ubongo, na ubongo ukiharibika, mtu amekwisha. Je, ni kweli?

Sisi Abagusii mambo ya kichwa tunayajua. Tangu zamani omobari alimpasua aliyeumia kichwani, akamkwangua mfupa wa fuvu ili maumivu yapungue. Kwa hiyo wazee walijua kwamba kichwa kikigongwa, mtu huathirika. Sayansi inakubali hivyo hivyo. Lakini omobari hakuona humo ndani wazo, wala upendo. Hata mashine za leo za kupiga picha ubongo zinaonyesha sehemu inayofanya kazi, basi. Uchungu wa mama kwa mtoto wake hauonekani kwenye picha.

Fikira ya mtu-mashine ilipata nguvu wakati fizikia ilifananisha ulimwengu na saa. Mwaka wa 1814, Mfaransa Laplace aliandika kwamba akili inayojua mahali pa kila kitu, na nguvu zote zinazokisukuma, ingejua pia mambo yote ya kesho. Kama ni hivyo, hata siku utakayomsamehe jirani yako imekwisha kupangwa na vumbi!

Karne ya 20 saa hiyo iliharibika. Mwaka wa 1927, Mjerumani Heisenberg alionyesha kwamba mahali pa chembe ndogo kabisa na mwendo wake haviwezi kujulikana sawasawa kwa pamoja. Chukua radiamu: katika miaka 1,600 hivi, nusu ya atomu zake hubadilika kuwa kitu kingine. Lakini atomu ipi, na siku gani? Fizikia haiwezi kutaja. Mwaka wa 1961, mwanafizikia Wigner aliandika kwamba elimu hii haikamiliki bila kutaja akili ya anayetazama.

Sasa tusidanganyane. Wengi hawakumkubali Wigner, na baadaye yeye mwenyewe aliiacha rai hiyo. Tena bahati ya atomu si sawa na uhuru wa mtu. Fizikia haijathibitisha roho. Lakini anayesema "mtu ni maada tu" hawezi tena kuegemea maada ya Laplace, kwa maana hiyo maada yenyewe imekuwa fumbo. Imani yetu haitegemei fizikia, lakini fizikia haikutufungia mlango.

Hayo yanatuhusu nini hapa? Yanatuhusu sana. Mei 2008, watu 11 walichomwa moto hapa Kisii kwa kuitwa wachawi. Oktoba 2021, akina mama wanne waliuawa huko Marani kwa neno hilo hilo. Na kuna ugonjwa wa ubongo wa uzeeni: nyanya anasahau majina ya wajukuu, anaongea peke yake, usiku anapotea na kukutwa kwenye boma la watu. Mmoja husema, "Ni mchawi." Mwingine husema, "Huyo si mtu tena, akili imekwisha." Wote wawili wamekosea. Ubongo wake ni mgonjwa, kama vile goti linavyougua. Yeye mwenyewe bado ni mtu, ana jina, na Mungu anamjua.

Basi tufanye hivi. Mpelekeni hospitali, maana magonjwa mengine yanayofanana na huo hutibika. Waambieni majirani mapema, ili akipotea usiku arudishwe nyumbani kwa upole. Pokezaneni zamu ya kumtunza, asiachiwe binti mmoja mzigo wote. Na ukisikia neno "mchawi" likianza kunong'onwa, usingoje kiberiti: mwendee chifu siku hiyo hiyo.

Mwiteni nyanya kwa jina lake, hata kama yeye amesahau lako.