Jumba Lililoipa Bahari Mgongo

Jioni hii twapenda kuwapasheni habari za safari yetu ya Bara Hindi, na hasa za nyumba moja ya wageni tuliyolala siku mbili katika mji wa Mumbai, ambao wazee wetu wa pwani waliujua kwa jina la Bombay.

Marehemu baba yetu alikuwa baharia. Katika ujana wake alivuka kwenda Bombay kwa jahazi lenye shehena ya karafuu, akarudi na pepo za kaskazi. Alisimulia kuwa ameona ufuoni jumba la sultani, lenye kuba kubwa katikati na vikuba pembeni, walakini mlango wake mkuu ulikuwa nyuma, upande wa mji. Barazani watu walimcheka. Sultani gani, waliuliza, ajengaye ufuoni kisha akaipa bahari mgongo? Baba aliirudia habari ile hata kufa kwake, nao wakarudia kicheko chao. Na sisi wanawe, tuseme kweli, tulikuwa tukiinamisha vichwa kwa haya.

Basi tulipopata fedha za mavuno, sisi ndugu wawili tulikata shauri kwenda kutazama.

Jumba lipo. Si la sultani. Ni hoteli, jina lake Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa mwezi wa Desemba, 1903. Mwenye kuijenga ni Jamsetji Tata, tajiri wa Kiparsi mwenye viwanda vya nguo, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Husimuliwa kuwa aliijenga kwa hasira, kwa kuwa alikataliwa katika hoteli ya Wazungu. Wengine hukana, wakisema alitaka tu mji wake uwe na nyumba ya kuupa heshima. Sisi twaelekea kuwasadiki hawa wa pili, maana hasira haivumilii ujenzi wa miaka. Alitia taa za umeme, mapanka ya Marekani, lifti za Ujerumani na hamamu za Kituruki. Katika Vita Kuu ya Kwanza iligeuzwa hospitali ya vitanda 600. Lango la mawe lililo mbele yake, Gateway of India, lilimalizika mwaka wa 1924. Kwa umri, hoteli ndiyo kubwa lake.

Chumba tulichopewa kilikuwa katika jengo la kale. Kitanda kilikuwa laini mno hata mmoja wetu akashuka kulala juu ya zulia, na alfajiri akatandika shuka upesi ili mtumishi asijue.

Karibu na ukumbi pana kumbukumbu ya waliouawa humo. Usiku wa tarehe 26 Novemba, 2008, watu wenye silaha waliivamia hoteli, na mapigano hayakwisha hata asubuhi ya tarehe 29. Watumishi walizijua njia zote za nyuma, wangaliweza kukimbia. Wengi wao walibaki wakawatoa wageni, na baadhi yao wakafa. Meneja alipoteza mkewe na wanawe wawili katika moto ule, naye hakuacha kuwaokoa wengine. Tulisimama pale, tusipate la kuambiana.

Siku ya pili tulimwuliza mtumishi mmoja mzee habari ya mlango, tukiogopa jibu lake. Akatuchukua upande wa nyuma. Hapa, alisema, ndipo wageni wa zamani walipoteremka katika magari ya farasi, kwa kuwa walitoka mjini. Mlango wa upande wa bahari ulikuja baadaye. Wako wasemao kwamba mafundi walikosea kushika ramani, na mhandisi akajiua kwa majuto. Mzee alicheka: uzushi mtupu. Sitaram Khanderao Vaidya, aliyeianza kazi, alifariki kabla haijaisha, na W. A. Chambers akaimaliza. Mlango uliwekwa pale kwa kukusudia.

Mmoja wetu alikwenda pembeni akafuta macho.

Tuliporejea nyumbani tulikwenda barazani na picha. Katika wale waliokuwa wakimcheka baba, alikuwa amebaki mzee mmoja tu. Aliishika picha, akaitazama kitambo kirefu, kisha akauliza kama twaweza kumwachia.