MAZUNGUMZO YA AFYA: MENO YA WAZEE WENYE MARADHI YA USAHAULIFU



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo majumbani huonewa haya na maofisini halitajwi: kinywa cha mzee aliyepatwa na maradhi ya usahaulifu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa wakiishi na hali hiyo. Hayo si laana wala ukaidi wa uzee. Ni maradhi ya ubongo, na aina yake mashuhuri ilielezwa na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906.

Mzee huyo husahau kupiga mswaki, kisha husahau mswaki ni kitu gani. Baadhi ya dawa anazotumia hukausha mate, na kinywa kikavu huozesha meno upesi. Lililo zito zaidi ni kwamba huenda asiweze kusema kuwa jino linamuuma. Hukataa chakula, hushika shavu, halali usiku, huusukuma mkono unaomlisha. Jamaa hudhani akili imezidi kupotea, kumbe ana jipu katika ufizi. Tena uchafu wa kinywa huweza kushuka mapafuni na kuleta homa ya mapafu, ambayo huua.

Kwa hiyo, mambo haya yazingatiwe:

1. Mzee apelekwe kwa daktari wa meno mapema, angali akiweza kujieleza na kukaa kitini kwa utulivu. Dawa zote anazotumia zichukuliwe zikaonyeshwe.

2. Meno yasafishwe mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kadiri ya punje ya mbaazi.

3. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyemzoea, mahali pale pale, saa ile ile. Apewe mswaki mkononi. Akishindwa, mkono wake uongozwe taratibu. Kinywa kisifunguliwe kwa nguvu. Akikataa, aachwe kwanza, kisha arejewe.

4. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalazwe katika maji safi.

5. Vitu vitamu vipunguzwe, hasa baina ya mlo na mlo.

Watumishi wa vituo vya afya nao wanakumbushwa kumwamkia mzee na kuzungumza naye mwenyewe, si na aliyemleta tu. Na mkuu wa kazi anayeombwa ruhusa na mtumishi wa kumpeleka mzazi wake kwa daktari wa meno asidhani kuwa ni kisingizio.

Dini imekataza kumkemea mzazi aliyefikia uzee. Mzazi huyo alikisafisha kinywa cha mwanawe kabla hakijaota hata jino moja, wala hakungoja kuombwa.