Mshubiri na Jeraha la Ngozi
Jani la mshubiri, mmea ambao jamii yake ya kisiwa cha Sokotra ilikuwa bidhaa mashuhuri ya majahazi ya Waarabu tangu zama za kale, lina vitu viwili visivyofaa kuchanganywa: ukilikata, hutangulia kuchuruzika maji ya manjano, machungu mno, yenye aloini, ambayo huwasha ngozi, na ndani, ganda likishamenywa, hukutwa ute usio na rangi, unaoteleza, na huo ndio wenye manufaa kwa aliyeungua kidogo. Katika ute huo imo sukari ya minyororo mirefu, asemanani, ambayo katika majaribio ya maabara imeonekana kuziamsha seli zinazosafisha jeraha na zile zinazofuma kolajeni, nyuzi za ngozi mpya. Hata hivyo, aliyeungua amwagiwe kwanza maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Na jeraha lenye kina, au lenye usaha, tafadhalini sana, lipelekwe hospitali bila ya taakhira, wala lisipakwe kitu. Jani nalo lioshwe, kisha lisimamishwe hata manjano yote yatoke, ndipo limenywe.