JUA KALI, MAFURIKO NA MAPATANO YETU YA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya hali ya hewa. Labda wengine watauliza, je, hilo nalo ni jambo la chama? Ndiyo, ni jambo la chama, maana jua na mvua humkuta mfanyakazi kabla hazijamfikia mwenye ofisi.

Kwanza mvua. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961, yaliyofuata ukame na njaa. Kufikia 1964 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepanda zaidi ya meta 2. Mwaka 1997 ikaja mvua ya El Nino, ikachukua barabara na madaraja. Tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo huko Kaskazini, na mifugo ikafa. Kisha masika ya 2024 mafuriko yaliua karibu watu 300 katika Kenya.

Pili joto. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni digrii 56.7, kule Death Valley, Marekani, mwaka 1913. Lakini siku hizi hata nchi za baridi zimeungua. Mwaka 2021 kijiji cha Lytton, Kanada, kilifika digrii 49.6, na kesho yake kikateketea kwa moto. Mwaka 2022 Uingereza ilipita digrii 40 kwa mara ya kwanza. Na 2024 ulishinda miaka yote iliyotangulia kupimwa duniani.

Sasa sikilizeni vizuri. Kipimajoto huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe. Kuli wa Mombasa hayumo kisandukuni; yumo juani na gunia begani. Tena hewa ya pwani ina unyevu: jasho halikauki, na mwili haupoi. Kwa hiyo digrii 33 za Mombasa zaweza kumlemea mtu kuliko digrii 40 za mahali pakavu.

Je, sheria yaweza kusaidia? Tazameni Qatar, ambako ndugu zetu wengi huenda kutafuta kazi. Mwaka 2021 serikali ya huko ilikataza kazi za juani toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Tena kipimo chao kinahesabu joto, unyevu na jua pamoja, kikipita 32.1, kazi husimama saa yo yote.

Basi tukikaa na waajiri tudai mambo matatu yaandikwe katika mapatano: maji safi na kivuli mahali pa kazi, mapumziko wakati wa jua kali bila kukatwa mshahara, na mtu aliyezuiwa na mafuriko asihesabiwe mtoro. Na kibarua wa siku asisahauliwe, kwani yeye akipumzika hulala njaa.

Mvua hatuwezi kuizuia. Mapatano twaweza kuyaandika.