Askari anaporudi uraiani

Leo naanza na marehemu baba yangu mkubwa. Alikuwa askari wa Keya. Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Burma, akawa anaendesha lori la risasi kwenye matope, na likiharibika alilitengeneza mwenyewe, maana huko porini gereji ingetoka wapi? Aliporudi mwaka 1946 alikuwa na bahashishi kidogo na koti la jeshi. Akaomba kazi ya udereva. Akaulizwa cheti. Hana. Basi akawa utingo, tena wa lori ambalo injini yake angeweza kuifungua na kuifunga gizani.

Nimemkumbuka baada ya kusoma habari za Wamarekani waliotoka katika vita hiyo hiyo. Wao waliwekewa sheria iliyojulikana kama G.I. Bill, ambayo Rais Roosevelt aliitia saini tarehe 22 Juni 1944, mapigano yakiwa bado yanaendelea. Serikali ililipa ada ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka, na mwanzoni posho ya dola 50 kwa mwezi kwa asiye na familia. Msidhani ni ukarimu mtupu. Mwaka 1932 askari wa vita ya kwanza walipiga kambi Washington kudai malipo yao, wakatimuliwa kwa mabomu ya machozi na vifaru. Wakubwa hawakutaka kuliona tena jambo hilo.

Sifa zote hupewa vyuo vikuu, na kweli watu kama milioni 2.2 walisoma huko. Lakini waliofaidika na masomo hayo hadi mwaka 1956 walikuwa kiasi cha milioni 7.8. Wengi zaidi walijifunza ufundi, kilimo, au kazi wakiwa kazini. Fedha ilimfuata askari, naye akachagua shule. (Matapeli nao hawakulala, shule za ufundi za uongo zikaota kama uyoga.)

Hata hivyo, utekelezaji uliachiwa maofisa wa kila mahali. Mwaka 1944, kule Ufaransa, msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express ulilisha majeshi ya Marekani mafuta na risasi, na kiasi cha robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Waliporudi majimbo ya kusini, wengi wa askari weusi walikuta milango ya vyuo vya wazungu imefungwa, vyuo vyao vimejaa, na ofisi ya kazi inawapa ufagio. Sheria ile ile, saini ile ile.

Kwa hiyo nikisikia askari wetu wanaostaafu wameahidiwa mafunzo, mimi siulizi kwanza ni shilingi ngapi. Nauliza nani atakaa dirishani kupokea fomu, na je, atakubali kwamba miaka kumi ya kutengeneza magari kikosini ni ufundi, ampime mtu kwa spana badala ya kumdai karatasi?

Tukijaliwa, wiki ijayo saa hii hii.