Kompyuta Inaposoma Picha ya Kifua



Leo tuongee juu ya jambo ambalo wengine wetu tumeanza kulisikia: kompyuta inayosoma picha ya eksirei na kusema kama kifua kina dalili za TB. Kuna wanaoiogopa, na kuna wanaodhani daktari hahitajiki tena. Hebu tuelewane.

Kompyuta hiyo hufundishwa kama mama anavyomfundisha mtoto kuchagua maharagwe. Hampi sheria ndefu. Anamwambia tu, "Hii weka, hii imetobolewa, tupa." Akikosea anasahihishwa, mpaka jicho linazoea. Kompyuta nayo huonyeshwa maelfu ya picha ambazo wataalamu wameshazisoma. Kila ikikosea, hesabu zake za ndani hurekebishwa kidogo. Hesabu hizo zimepangwa tabaka juu ya tabaka, ndiyo sababu njia hii inaitwa kujifunza kwa kina.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za namna hii zitumike kusoma picha za kifua katika kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Faida yake tunaiona: mahali pasipo na mtaalamu wa kusoma picha, jibu linapatikana kwa dakika chache.

Lakini mtoto aliyezoea nyayo peke yake, ukimpa mwitemania anaweza kutupa nzuri. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichunguza programu ya kutambua nimonia. Mara nyingi ilifanya vizuri kwa picha za hospitali ilikofundishiwa, ikalegea kwa picha za hospitali nyingine. Waligundua pia kwamba kompyuta inaweza kutambua picha imetoka hospitali gani, ikategemea hilo badala ya ugonjwa wenyewe.

Kwa hivyo tushike mambo mawili. Kwanza, kompyuta ikiona alama, huo si mwisho. Ni lazima makohozi yapimwe. Pili, ikisema hakuna kitu, na bado unakohoa, unatoka jasho usiku na kukonda, usikae nyumbani. Rudi uwaeleze. Picha haisemi kwamba nguo zimekuwa kubwa. Wewe na jirani yako ndio mnaojua.

TB inatibika, na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Sasa tuulizane hapa kikundini: ni nani kati yetu anakohoa, na bado hatujamsindikiza?